Kioo Ndani ya Bomba

Siku ya tisa ya eda yangu niliona kitu angani ambacho hakikuwamo kwenye ramani yoyote, na siku ya kumi nikafungua mdomo wangu mwenyewe nikakipoteza.

Fauzia ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu, Majid. Alikuja kwetu Mtanda kutoka Kilwa Kivinje siku ya maziko, na kabla hata hajalia alizunguka nyumba nzima akifunika vioo. Cha kabati akakivika kanga, kidogo cha kuchania nywele akakigeuzia ukutani. Mjane haangalii kioo, ndivyo walivyolelewa kwao. Sikubisha. Hata uji ulikuwa haupiti.

Miezi minne na siku kumi. Nilikuwa na vyumba vitatu, ua wenye ukuta unaonipita kimo, na kipande cha mbingu. Na darubini. Majid aliniletea miaka sita iliyopita, baada ya kuchoka kunisikia nikiwafundisha wanafunzi wa sekondari mambo ambayo mimi mwenyewe sijayaona. Tangu hapo, kila jioni isiyo na mawingu, nilikagua sehemu zilezile za anga nikitafuta nyota zinazolipuka ghafla. Mimi kwenye lenzi, yeye na daftari, akiandika ninayosema na kuwatukana mbu.

Jioni hiyo ya tisa nilitoka uani baada ya kuswali magharibi, nitazame tu, nipumzike kulia. Juu kidogo ya bati la jirani palikuwa na ukungu mdogo wa duara. Nikafuta lenzi. Upo. Nikapekua ramani zote. Haumo. Moyo ulinienda mbio: hii ni nyotamkia, na huenda hakuna mwingine aliyeiona. Nikaiandikia ofisi ya huko ng'ambo inayozisajili, na jibu likaja asubuhi: asante, tuletee kipimo cha jioni ya pili, tujue kama inasogea. Nyotamkia hupewa jina la aliyeigundua. Nilibakiza jioni moja tu.

Alasiri nikawa nalifuta bomba la darubini vumbi. Fauzia alikuwa akipeta mchele.

"Wifi, hilo dude linavutaje nyota?"

Ningesema "Mungu anajua," yangeisha. Lakini ualimu ni ugonjwa. Nikaeleza kwa furaha, kwa mikono miwili: mwanga unaingia hapa, unateremka mpaka chini, huko kuna kioo kipana kama sahani, kinaurudisha...

Ungo ukatua chini.

"Kioo?"

"Si cha kujitazama, dada. Ni..."

"Mwahija! Ndugu yangu hajafika hata arobaini, na wewe kila jioni unainamia kioo mbele ya macho yangu?"

Alilizungushia bomba kanga mbili, akakaza mafundo, akalifungia chumbani kwake na kuuficha ufunguo kifuani. Nilimbembeleza mpaka nikalia. Alidhani namlilia Majid, akaniletea maji.

Nikampigia shehe wetu atuamulie. Alikuwa Kipatimu msibani, na huko milimani simu haikushika. Kesho yake vilevile. Nilikaa uani mikono mitupu, nikijua nyotamkia bado ipo na kila jioni inazidi kushuka kulifuata jua. Nilimchukia Fauzia. Nilimchukia hata Majid kwa kufa. Siku ya kumi na tatu ujumbe ukaingia: nyotamkia mpya imetangazwa, na jina ni la mzee mmoja wa nchi ya mbali, ambaye jioni yake ya pili hakunyang'anywa na mtu.

Shehe alipiga siku ya kumi na tano. Nikaweka simu kwenye spika makusudi.

"Hayo ya vioo ni mila tu, si sheria," alisema. "Mjane asijipambe, asijitie manukato, asitoke nyumbani ila kwa dharura. Mbingu na atazame, ni kazi ya Mola wake."

Fauzia alichomoa ufunguo kifuani, akaingia chumbani kwake. Alifungua mafundo kwa meno, akalibeba bomba mwenyewe mpaka uani.

"Tazama, wifi. Nisamehe."

Nikatazama. Bati la jirani. Nyotamkia ilikwishashuka nyuma yake. Nikamwambia ingeonekana tu kutoka barabarani, hatua kumi nje ya mlango. Nikajiuliza kama hiyo ni dharura, na jibu nililijua kabla sijamaliza kujiuliza.

"Basi nipe mimi nitoke nalo," akasema.

Nikabaki nyuma ya mlango wa ua, nikimwelekeza kwa sauti.

"Kuna nyota nyekundu juu ya mnazi. Ishike hiyo. Sasa teremsha, polepole."

"Sioni kitu."

"Polepole, dada."

Pikipiki ikapita.

"Umeona?"

"Subhanallah. Ina mkia, Mwahija. Ina mkia."

Mimi nilipoiona haikuwa na mkia.

"Mkia umeelekea wapi?"

Nilimsikia analia, kwa mara ya kwanza tangu maziko.

"Majid aliwahi kuona hii?"

"Hapana," nikasema. "Wewe tu."

Nikafungua daftari, nikaandika tarehe na saa chini ya mwandiko wa Majid. Kwenye nafasi ya mwangalizi huandikwa mwenye jicho, si mwenye darubini. Nikaandika Fauzia Likwata, na wivu ulinichoma hadi kalamu ikatoboa karatasi. Kisha nikaegemea mlango, kwa ndani, nikisubiri aniambie imezama.