Mchango wa Usingizi

Waraka wa shule ulifika Jumatatu, umekunjwa ndani ya daftari la hesabu la binti: kambi ya siku tano msituni, kidato cha pili wote. Kila mwanafunzi aje na blanketi, sahani ya bati, viatu vya kamba, na usingizi wa mzazi wa siku tano, kwenye chupa ya chai isiyovuja. Watoto hawalali vizuri chini, waraka ulieleza, na shule haitaki lawama.

Mama alikuwa mpiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, shuka mia mbili kwa siku, amesimama. Usingizi wake ulikuwa mzito, wa kumwangusha mtu na viatu miguuni. Baba, karani wa bohari, alisema angetoa wake kwa moyo mkunjufu, ila una mikoromo, ungewasumbua watoto wa watu.

"Tena mimi kazi yangu ni ya kichwa," alisema. "Ya kwako ni ya mikono tu, mke wangu."

Mama akapuliza kwenye chupa. Zilitakiwa pumzi tano, akapuliza saba, maana ni mama na hajui kupima, akafunga upesi. Baba akaandika jina lake mwenyewe kwenye kibandiko, kwa sababu kilikuwa na mstari mmoja tu, "Baba au mlezi", na yeye ndiye mwenye mwandiko mzuri.

Mwalimu wa michezo alikagua chupa getini. Ya mlinzi wa benki ilirudishwa kwa kuwa nusu. Mlinzi akaenda kuijazia usingizi wa kazini, nao ulipoletwa ukaonekana bora kuliko ule wa nyumbani.

Siku zote tano mama hakufumba jicho. Alipanga makabati, akashona vifungo vyote vilivyokatika tangu aolewe, akapiga pasi shuka zake mia mbili na, mara moja, mkono wa koti la daktari, daktari akiwa ndani. Daktari alishukuru. Mkunjo ulikuwepo kweli.

Alichongoja kilikuwa kimoja. Usingizi unaobaki kwenye chupa ndio chachu ya kuanzia upya, na wapo wazazi waliokosa chachu hiyo wakakaa macho mpaka muhula ukaisha. Waraka uliahidi kwamba masalio yatarudishwa kwa mwenyewe, siku ya shukrani.

Shukrani zilitolewa Jumamosi asubuhi ukumbini. Akina baba walikaa mbele kwenye viti vyenye mito, akina mama nyuma kwenye madawati. Wanafunzi walikuwa wamenawiri hata ungedhani wametoka kuoga. Binti aliposhika kipaza sauti alisema anachokumbuka, kwa kuwa ni mtoto mkweli.

"Namshukuru baba kwa usingizi wake. Ulikuwa mtamu sana. Siku ya kwanza niliota napiga pasi shuka, haziishi. Ya pili niliota miguu inawaka moto. Ya tatu niliota baba ananiuliza soksi zake ziko wapi."

Ukumbi ulipiga makofi. Mwalimu mkuu alisema ni nadra kumpata mume anayemfikiria mkewe hata usingizini, akatangaza kwamba kambi ya mwakani itakuwa ya wiki mbili. Baba aliinuka, akapokea cheti. Binti alimtazama mama kule nyuma, akafungua mdomo tena, lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshakwenda kwa mtoto wa mlinzi, ambaye aliota siku zote tano kwamba anafukuzwa kazi.

Chupa zilipoanza kurudishwa, mama alikwenda mezani.

"Mwalimu, hiyo ni yangu."

Mwalimu wa michezo alisoma kibandiko, akakisoma tena. "Nakuelewa, mama. Hata ndoto zimesema. Lakini mimi natoa kwa jina. Si nyumba moja? Mtagawana huko huko."

Nyumbani baba alifungua chupa aonje kidogo, ajue anashukuriwa kwa kitu gani. Akaonja, akarudia, akaanguka kwenye kochi na cheti kifuani. Mama aliinua chupa, akaitikisa. Tupu. Hasira zilimpanda, zile za kuvunja sahani, kisha akamvua mumewe viatu, maana kochi lilikuwa jipya.

"Mama, mwakani nitaandika jina lako mimi mwenyewe," binti alisema.

"Mwakani ni wiki mbili, mwanangu."

Saa kumi jioni baba, akiwa amelala fofofo, aligeuka upande na kutamka jambo ambalo hakuwahi kulitamka tangu waoane:

"Gesi inaisha."

Mama alikwenda jikoni, akauinua mtungi kwa mkono mmoja. Ulikuwa mwepesi kweli. Akachukua pochi, akaubeba begani, akaenda dukani.