Faru wa Mbali

Katika kreta ya Ngorongoro kuna desturi ambayo hakuna mwongoza watalii anayeifundisha na kila mwongoza watalii anaijua. Siku faru anapokataa kuonekana, hutafutwa doa jeusi la mbali: nyati aliyelala, jiwe, kichuguu. Dereva wa kwanza hunyoosha kidole na kutangaza redioni. Magari hukusanyika, wageni hushangilia, darubini hupita mkono kwa mkono. Kisha madereva huondoka upesi, kwa sababu doa likiachiwa muda linaweza kusimama na kuonyesha pembe zisizotakiwa. Kuacha barabara na kulisogelea ni marufuku, na marufuku hiyo imewalinda faru na waongo kwa usawa.

Isaya, dereva wa watalii mjini Karatu, alikuwa ameitumia desturi hiyo kwa miaka mingi bila kukosa usingizi. Jumapili iliyopita alisimama kanisani akatangaza kwamba ameacha pombe. Washarika walimpigia makofi. Mchungaji hakupiga.

"Pombe sawa," alisema. "Na kazini unadanganya wapi?"

Isaya, ambaye hakuwa amejiandaa kwa swali, alijibu kilichokuwa kweli: "Kwenye faru."

Kanisa zima lilicheka. Mchungaji hakucheka. "Basi utakatifu wako uanzie hapo," alisema. Isaya akaahidi, na habari ikawafikia madereva wote wa Karatu kabla hawajala chakula cha mchana.

Wiki haikuwa imekwisha alipompakia Mwalimu Dorkasi, mstaafu wa shule ya msingi kutoka Mbulu, pamoja na binti yake Aneth. Mwalimu alikuwa amewafundisha watoto wanyama wa nchi yao kwa picha ya ukutani karibu maisha yake yote ya kazi, na faru hakuwahi kumwona. Safari hii ilikuwa zawadi ya wanafunzi wake wa zamani. Haingerudiwa. Magoti yake yalikuwa yameshatoa taarifa, na macho yalikuwa yanaiandaa.

"Mwanangu Isaya," alisema gari lilipoanza kuteremka ukuta wa kreta, "simba nionyeshe ukipenda. Mimi nimekuja kwa faru."

"Mama, usimtishe kijana wa watu."

"Simtishi, Aneth. Nampa mtihani."

Waliwaona simba, tembo na viboko. Mwalimu aliwatazama kwa adabu, kama mtu anayesalimiana na ndugu wa bwana harusi huku akimsubiri bwana harusi mwenyewe. Jua lilikuwa limeanza kuinama redio ilipokoroma. Ilikuwa sauti ya Clemensi, dereva mkongwe kuliko wote.

"Kinamasi cha Gorigor! Faru kalala! Njooni, njooni!"

Isaya aligeuza gari. Vumbi lilipanda, swala wakatawanyika, na Mwalimu Dorkasi, ambaye asubuhi alihitaji kuinuliwa ili apande, alisimama mwenyewe chini ya paa lililo wazi, kilemba kikipepea.

"Kaza, mwanangu! Kaza!"

Magari yalikuwa yameshajipanga. Wageni walikumbatiana, mmoja aliibusu kamera yake. Isaya alichukua darubini, akatazama kwanza. Ng'ambo ya matete kulikuwa na doa jeusi, kubwa, lililotikiswa na mvuke wa joto. Mahali pale alipafahamu. Nyati dume mzee alikuwa akilala hapo hapo jana, na juzi pia.

Mwalimu alimnyang'anya darubini. "Namwona! Aneth, namwona! Jamani, ni mkubwa!" Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Ndiye, Isaya? Ndiye?"

Neno moja lilitosha kuifanya siku ile iwe kamili, na hakuna mtu duniani ambaye angelidai ushahidi. Isaya aliyafikiria hayo kwa haraka na kwa usahihi.

"Hapana, Mwalimu. Ni nyati. Amelala."

Aneth alimgeukia. "Kaka, ungenyamaza ungekufa?"

"Una hakika?" aliuliza Mwalimu.

"Nina hakika."

Redio ilikuwa wazi, na magari yote yalikuwa yamesikia. Bahati ya madereva ni kwamba wageni wao hawakujua Kiswahili.

"Haleluya, Mchungaji Isaya!" alisema dereva aitwaye Marseli. "Okoka peke yako, bwana. Bibi wa watu usimwokoe na furaha yake!"

"Umeacha pombe, usituachishe kazi," aliongeza Clemensi.

Wakacheka, wakawasha magari, wakaondoka na wageni wenye furaha isiyo na dosari. Mwalimu Dorkasi aliketi. Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, taratibu.

"Nimemlilia nyati," alisema.

"Samahani, Mwalimu. Ukitaka twende msitu wa Lerai, tujaribu huko."

"Hatuendi popote. Ameshaniliza, basi asimame nimwone sura."

Wakangoja. Isaya alitazama njia, si doa. Hakuwa na sababu ya kulitazama tena. Kwa hiyo aliyeona kwanza ni Aneth, na alichoweza kufanya ni kumpiga Isaya begani, mara nyingi.

Doa lilikuwa limeinuka. Halikuwa na mapembe yaliyopinda juu ya masikio. Lilikuwa na kichwa kirefu, na mbele ya kichwa hicho pembe, na nyuma yake pembe nyingine. Kisha kutoka kwenye matete likatoka doa dogo, likajiegemeza kwa kubwa.

"Faru!" alipiga kelele Isaya, kinyume cha kanuni za hifadhi. "Mwalimu, ni faru! Nimekosea! Faru na mtoto!"

"Pembe mbili!" Mwalimu alikuwa amesimama, amekamata paa kwa mikono yote. "Mdomo wa juu umechongoka! Kila mguu vidole vitatu! Sivioni, lakini vipo! Aneth, vipo!"

Haki itendeke: wale waliodhani wanadanganya walikuwa wamesema kweli, na yule aliyekusudia kusema kweli ndiye aliyekosea. Utakatifu haujulikani kumwongezea mtu nguvu ya macho. Hata hivyo, lililobaki Gorigor kumwona faru lilikuwa gari moja.

Isaya alishika redio. "Wenzangu, rudini! Ni faru kweli, amesimama, ana mtoto! Nilikosea mimi!"

Hakuna aliyegeuza. Kila dereva aliamini kwamba alikuwa ameonyesha nyati, na hakutaka wageni wake wamwone amesimama.

"Unatukomoa, Isaya," alisema Marseli hatimaye. "Kaa na nyati wako."

Faru alianza kutembea, akija upande wa barabara, mtoto akikimbia kidogo ili asiachwe.

"Waite tena!" alisema Mwalimu. "Watakosa, jamani, watakosa!"

Kabla hajaita, Clemensi aliingia redioni. Sauti yake haikuwa na mzaha. "Isaya. Ni faru?"

"Ni faru."

Huenda Clemensi alifanya hesabu iliyo rahisi: mtu aliyemnyima faru bibi anayelia hana sababu ya kuzua faru sasa.

"Nageuza," alisema.

Kwa mbali, upande wa ziwa, vumbi lililokuwa likienda lilisimama, likapinda, likaanza kuja. Nyuma yake likapinda la pili. Aneth alikuwa anapunga kitenge juu ya paa, kana kwamba wangeweza kupotea.

"Sogeza gari mbele, Isaya," alisema Mwalimu Dorkasi, darubini ikiwa machoni. "Taratibu, asishtuke. Wape wenzako nafasi."