Mpira Uliolala Umevutwa

Mwenya aliangusha chuma cha kunyanyua uzito mara ya pili, ukumbi mzima ukasikia kishindo. Hakuumia. Ni hasira tu iliyompanda mpaka masikio yakavuma. Nafasi ya kwenda mashindanoni Kolwezi ilikuwa moja, yake au ya mwenzake Joëlle, na kila mmoja alibakiwa na jaribio moja.

Uzito ule aliujua. Jumanne aliuinua huku akicheka, kwa kuwa kochi Zéphirin alichelewa na hakuna aliyewanyoosha misuli. Leo kochi aliwahi. Aliwakalisha sakafuni, miguu mbele, wameshika vidole vya miguu, wakae hivyohivyo mpaka yeye atosheke. Aliyelegea alisukumwa mgongo. Eti msuli ni mpira, ukivutwa sana unafyatuka sana. Mwenya alishamwambia kwamba akiinuka pale miguu inakuwa kama bukari mbichi, ugali usioiva. Jibu lilikuwa lilelile kila siku: uvivu.

Sasa kochi alikuja akionyesha sakafu. "Kaa chini, ma fille, binti yangu. Haukujinyoosha ya kutosha."

"Sikai."

"Unasema nini?"

"Unasema musuli iko mupira? Basi nikutegee kitendawili. Ukinivuta kidogo, ninarudia na nguvu. Ukiniacha nimevutwa usiku muzima, asubuhi ninalegea. Mi nani?"

Aliyejibu ni Joëlle, pale chini alipokuwa amerudishwa kushika vidole vyake: "Mupira ya kufungia makala." Watu wakaangua kicheko. Nani katika mtaa wa Annexe asiyeujua ule utepe wa mpira wa baiskeli? Ulale umekaza gunia la makaa, kesho yake haufungi hata kuni.

Kochi akasema asiyekaa atoke kwenye timu. Mwenya hakukaa, wala hakutoka. Alitembea, akarusharusha miguu, akainua chuma kitupu, bila uzito, na kukishusha mpaka jasho likamtoka. Ndipo akaomba uzito wake. Ulipanda, ukatulia juu ya kichwa, na mwamuzi akakubali.

Zéphirin ndiye aliyepiga makofi kuliko wote. Akawageukia waamuzi, akawaeleza kwamba ile ni kazi ya kunyoosha kwake kwa asubuhi.

Mkono aliomnyooshea Mwenya ulibaki hewani. Mwenya alimpita, akaenda kwa Joëlle aliyekuwa bado sakafuni akingoja zamu yake, akamshika kwapani na kumwinua kwa nguvu, karibu amwangushe.

"Simama," akamwambia. "Tembea kwanza, upate moto. Kama ni kunishinda, unishinde na miguu yako."