Muhogo wa Usiku Mmoja

Unga wa ngano ulitoweka kijijini Runazi vita ilipoanza. Mafuta ya kupikia yakafuata, na sukari nayo haikukubali kubaki nyuma. Duka la ushirika likabaki na chumvi, viberiti na muuzaji wa kupiga miayo. Sasa hebu niambieni, mtu unawapikia nini vijana wanaokwenda kupigana? Ugali mkavu waweke mfukoni? Clotilda alikataa katakata.

Lori la mgambo lingepita saa nane mchana, likae nusu saa, kisha liendelee na safari ya vitani. Ndani yake angekuwemo Xavery, mwanawe wa pekee, aliyemlea peke yake tangu baba yake afariki. Nusu saa tu, baada ya miezi mitatu ya kutomwona, na baada ya hapo Mungu ndiye ajuaye. Clotilda alitaka amtie machoni huku akila maandazi ya tundu. Xavery alipokuwa mdogo alikuwa akiyavaa vidoleni kwanza, azunguke nayo kijiji kizima akijionyesha, ndipo ale. Na kila mara lazima atoe kasoro. Leo chumvi, kesho iliki, keshokutwa tundu ni dogo.

Balozi wa nyumba kumi, Ildefonce, alipozisikia habari za maandazi hayo akazifanya za kijiji. "Mama Xavery," alisema mkutanoni, "vijana ni thelathini. Pika sitini. Kijiji kinakutegemea." Watu wakapiga makofi. Makofi hayahitaji unga.

Ngano hakuna, na mahindi ya shamba la kijiji yalikwisha kupakiwa kwenda kulisha jeshi. Clotilda alibaki na muhogo. Akapanga mambo kichwani: unga wa muhogo, boga la kuchemsha na kuponda, ndizi mbivu za kutia utamu, mayai ya kushikisha, povu la pombe ya ndizi la kuumulia. Mdalasini, iliki na karafuu alikuwa nazo ndani ya kopo, akiba aliyonunua gulioni Nyakahura kabla mambo hayajaharibika. Na kwa kuwa mafuta hayakuwepo, angeyaoka: mchanga ndani ya sufuria kubwa, bati juu ya mchanga, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko.

Tatizo lilikuwa muhogo wenyewe. Shamba lake lilikuwa la muhogo mchungu, na muhogo mchungu kila mtu wa Biharamulo anaujua: unauloweka siku nne mpaka ulainike, unaukausha, ndipo unautwanga. Usipofanya hivyo sumu yake unaila wewe. Clotilda aliung'oa Jumanne, akauloweka jioni bila haraka, maana lori lilisemwa lingekuja wiki iliyofuata. Kesho yake, Jumatano ya Majivu, anatoka kanisani na jivu lake usoni, akakutana na Ildefonce anahema.

"Wamebadilisha! Wanapita keshokutwa, Ijumaa!"

Basi siku hiyohiyo akautoa majini. Ulikuwa mgumu bado, kisu kinagoma. Aliukata vipande vyembamba kabisa, akauanika mwambani, usiku akauweka juu ya moto, Alhamisi jioni akautwanga. Alijiambia vipande vyembamba hukauka, sumu ikapotea. Alijiambia jua lilikuwa kali. Alijiambia mengi.

Ijumaa asubuhi alilamba donge alilokanda kwa ncha ya ulimi. Uchungu ulikuwepo. Mdogo, lakini ulikuwepo. Akaongeza mdalasini. Akaongeza ndizi. Akatia iliki nyingine, akalamba tena, na uchungu haukusikika. Hakuonja zaidi ya hapo, alikuwa amefunga. Ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima.

Saa tatu akaingia jirani yake, Speciose, na mfuko wa unga kichwani. Speciose alikuja kutoka Rwanda na wazazi wake akiwa msichana, akaolewa hapa, akazaa hapa, na kwa unga wa muhogo hapakuwa na wa kushindana naye.

"Nimesikia wako hautatosha," alisema. "Huu umekaa majini siku tano. Chukua, dada."

Clotilda alishukuru, akausukuma mfuko chini ya meza. Angeufungua unga wake mwenyewe ukiisha. Ni majivuno tu, hakuna jina lingine. Alitaka Xavery ale jasho la mama yake.

Mpiko wa kwanza ulitoka saa nne, maandazi kumi na mawili yaliyoiva vizuri, harufu ya karafuu imefika hadi barabarani. Harufu hiyo ndiyo iliyomleta Bernadetha, mke wa balozi. Bernadetha naye alikuwa amefunga, ila alisema kuonja si kula. Akaonja manne.

"We mwanamke una mikono!" alisema huku akijifuta midomo. "Mwanao akila haya atarudi hata kwa miguu."

Clotilda akacheka, akatia mpiko wa pili. Haikupita saa moja. Bernadetha, aliyekuwa amejikalia kwenye kigoda akipiga soga, alinyamaza katikati ya neno. Akasema anaona kizunguzungu. Akainuka, akashika ukuta, akatapika palepale mlangoni, akatapika tena, akaanguka.

Clotilda alijua papo hapo. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Alimshika mwenzake kichwa, akapiga yowe la kuita watu, na moyo wake ulikuwa ukisema neno moja tu: muhogo, muhogo, muhogo.

Watu walijaa uani. Ildefonce alifika mbio, shati halijafungwa vifungo. "Kala nini? Jamani, kala nini?" Walipomwonyesha maandazi akayapiga teke, akaamuru yote yamwagwe chooni. Ndipo mama mmoja akasema alichokiona: "Asubuhi nimemwona yule Mnyarwanda analeta unga hapa!"

Loo! Ikawa ndiyo imekwisha. Siku zile mgeni alitazamwa mara mbili, na Speciose, ambaye jana yake tu alikuwa jirani, saa hiyo akawa mgeni. Walimfuata shambani, wakamleta mikono ina udongo, wakamfunga kwa kamba ya katani na kumkalisha chini uani kwa Clotilda.

"Miaka kumi na saba, balozi," alisema Speciose. "Unga wa harusi yako nilitwanga mimi."

"Ndiyo mbinu zenyewe! Mnatuzoea kwanza." Ildefonce akawageukia watu. "Lori likifika tunamkabidhi kwa kamanda. Huyu alitaka kuwaua vijana thelathini. Wao wanajua la kumfanya."

Speciose hakulia. Alimtazama Clotilda tu, akangoja.

Na Clotilda? Clotilda alisimama kwenye mlango wa jiko, mikono ina unga. Maandazi yalikwisha kumwagwa, hakuna kijana ambaye angedhurika tena, na hilo ndilo lililomtia majaribuni. Akinyamaza hakuna atakayeumia, isipokuwa huyo mmoja aliyekaa chini. Akisema, kamba ni yake. Ilikuwa inakaribia saa sita. Bado masaa mawili Xavery aruke kutoka kwenye lori, amkumbatie, atoe kasoro. Nyamaza, alijiambia. Mwone mtoto wako kwanza, kesho utamsemea Speciose. Kesho ipi, na Speciose akiwa wapi? Aliogopa, haki ya Mungu, aliogopa.

"Mama Xavery," Ildefonce akamwita. "Wewe ndiye shahidi. Sema mbele ya watu wote. Unga ulitoka kwa huyu?"

Clotilda akageuka, akaingia ndani. Wengine walidhani amekimbia. Akatoka na mfuko, akautua miguuni kwa balozi.

"Unga wa Speciose huu hapa," alisema. "Tazama fundo. Ni lake, kamba ya mgomba, amelizungusha mara tatu kama anavyofunga siku zote. Haujafunguliwa."

"Sasa mke wangu amekula nini?"

"Amekula unga wangu. Muhogo wangu mchungu. Umelala majini usiku mmoja."

"Usiku mmoja?" mwanamke mmoja akarudia, akajishika mdomo. Hapakuwa na mtu pale ambaye hakuelewa.

Ildefonce alimsogelea. "Na ulijua?"

Hapo angeweza kusema hapana. Nani angembishia? Alivuta pumzi. "Niliusikia uchungu, nikauficha kwa mdalasini. Mfungue huyo. Hana kosa."

Walimfungua Speciose. Kamba ileile ikamfunga Clotilda. Ndani, Bernadetha alikuwa ameacha kutapika na anaomba maji, lakini hasira za mumewe hazikupungua kwa hilo. Akampeleka Clotilda kwenye ghala la kijiji, hapohapo ng'ambo ya uwanja ambako lori lingesimama.

"Utakaa humu mpaka kesho, Katibu Kata aje aamue. Na ukipiga kelele lori likiwa hapa, kamanda atauliza, nami sitamficha kitu. Mwanao atashushwa mkahojiwe wote wawili."

"Ndugu balozi, nimwone tu. Kwa mbali. Sitasema neno."

"Ingia."

Mlango ulipokuwa unafungwa, Speciose alikuja akijisugua mikono penye alama za kamba. "Sufuria yako bado ina moto?" aliuliza.

"Ina moto."

"Na viungo?"

"Kopo la bluu, juu ya mtungi."

Akaenda kuuchukua mfuko wake. Clotilda aliketi gizani juu ya magunia matupu, akasikiliza. Alimsikia Ildefonce akifoka kwamba hakuna chakula kitakachotoka nyumba ile, na Speciose akimjibu polepole: "Nitakula mimi kwanza, balozi. Manne, kama mkeo. Nitakaa hapo juani unitazame." Baadaye harufu ya karafuu ikaingia ghalani. Baada ya hapo kimya kirefu, kimya cha watu wanaomtazama mtu mmoja wakingoja aanguke. Clotilda alisali Salamu Maria akachanganya maneno, akaanza upya, akachanganya tena.

Speciose hakuanguka. Lori lilichelewa kidogo, likaja na vumbi lake na nyimbo za vijana. Clotilda alijilaza chini, akaweka jicho kwenye upenyo chini ya mlango. Aliona buti. Buti nyingi, zote zinafanana, na za mwanawe hakuzijua.

"Shikamoo, mama Speciose!"

Sauti ilikuwa nzito kuliko ile iliyoondoka nyumbani. Clotilda akajaza kanga mdomoni, akauma.

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa mtu mzima wewe!"

"Mama yuko wapi?"

"Amekwenda Nyakahura. Mjomba wako mgonjwa sana. Ila amekuachia haya."

Xavery hakujibu. Mama yake alijua anafanya nini kwenye kimya kile, hakuhitaji kumwona: anavaa andazi kidoleni.

"Hakuweza kunisubiri?" aliuliza hatimaye. Ilikuwa sauti ya mtoto, ilimpita Clotilda mwili mzima, akafumba macho kwa nguvu. Neno moja tu, jina lake, na mwanawe angeukimbilia mlango huu. Alilimeza.

"Hakuweza, mwanangu," alisema Speciose. "Angeweza, angesubiri."

Xavery akasikika akitafuna. Akatafuna tena. "Ya mama haya," alisema. "Mwambie iliki imezidi."

Clotilda alicheka ndani ya kanga, machozi yanamtiririka hadi masikioni, kifua kinamruka bila sauti. Honi ikalia. Buti zikapanda moja moja, mnyororo wa nyuma ukafungwa, na lori likaondoka.

Mngurumo ulipokwisha kabisa, Speciose alikuja, akaketi chini upande wa pili wa mlango. Akapitisha kwenye upenyo nusu ya andazi, lote lisingepita. Ilikuwa bado Ijumaa ya Kwaresima, lakini Clotilda alilichukua kwa mikono yake miwili iliyofungwa, akala. Kweli, iliki ilikuwa imezidi.