Jezi Zilizostaafishwa Migwani

Nzilani alikuwa mwalimu wa ushonaji katika chuo kidogo cha ufundi karibu na soko la Migwani. Ukocha wa mpira wa kikapu alitwikwa kwa sababu moja tu: alikuwa mrefu kuliko walimu wenzake. Timu yake ya wasichana haikuwahi kuvuka raundi ya kwanza, lakini aliipenda. Kwa hiyo alipoitwa ofisini Jumatatu moja, alidhani wamenunuliwa mpira mpya.

Prinsipo Ndululu alikuwa ametoka semina Nairobi, macho yanawaka.

"Madam, unajua ni nini hufanya timu ya chuo ikumbukwe vizazi na vizazi?"

"Kushinda, sir."

"Kushinda hata jogoo wa jirani hushinda! Ni historia. Kule kwa timu kubwa, jezi ya shujaa hustaafishwa. Inaangikwa darini, haivaliwi tena na mtu."

"Na mashujaa wetu ni akina nani, sir?"

Prinsipo alifikiri kidogo. "Tuanze na waliopo."

Ijumaa jezi zote zikapigiliwa misumari ya bati kwenye boriti za bwalo. Pasta akaomba, kwaya ikaimba, na Kaluki, kapteni, ambaye ndio kwanza alikuwa mwaka wa kwanza, akalia kwa kwikwi akiangalia namba yake ikistaafu. Alipomaliza kulia akaendelea kula muthokoi wake, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe.

"Sir," Nzilani alinong'ona, "wiki ijayo tuna mechi Makueni. Watavaa nini?"

"Historia haishushwi, Madam."

Alirudi mara mbili kumbembeleza, wapi! Kitambaa cha kushonea nyingine hakikuwepo. Kitu pekee cha rangi moja kilichotosha timu nzima kilikuwa kabatini: majoho ya zambarau ya mahafali. Nzilani akawasha cherehani na kuyatia namba mbele na nyuma.

Makueni, refa aliyazunguka yale majoho kama mtu anayenunua ng'ombe. Akafungua kitabu cha sheria. Rangi ilikuwa moja, namba zilionekana. Kuhusu urefu, kitabu kilinyamaza.

"Haya, chezeni," alisema kwa uchungu.

Dakika za kwanza Nzilani alitamani ardhi immeze. Kaveke alikanyaga pindo la joho lake akaanguka kifudifudi. Halafu Katunge akarushiwa mpira, ukaingia kwenye mkono mpana wa joho, na haukutoka.

Wasichana wa Makueni wakatazamana. Refa akainama, akachungulia chini ya benchi.

"Mpira uko wapi?"

Katunge, mikono kifuani kama mtu anayesikia baridi, alitembea polepole mpaka chini ya kikapu, akautoa, akafunga.

"Ametembea na mpira!" kocha wa Makueni, Wanyoike, akafoka.

"Wewe uliuona?" refa akamuuliza. "Mimi sikuuona. Sitapigia filimbi kitu ambacho sikukiona."

Kuanzia hapo vurugu ikawa vurugu. Wapinzani waliwakimbiza wasichana watano kwa pamoja, kila mmoja akijifanya ndiye mjamzito wa mpira. Mashabiki wa nyumbani wakawageuka watu wao na kuwashangilia wageni. Nzilani, mwanamke wa kanisa, mtulivu, alijikuta amesimama juu ya kiti akipiga vigelegele.

Walishindwa. Kaluki alichanganyikiwa na joto la lile joho, akafunga kikapu chake mwenyewe mara mbili mfululizo, tena kwa ustadi ambao hakuwahi kuuonyesha mazoezini. Lakini umati uliingia uwanjani ukawabeba, naye Kaluki akapungia watu mkono kama gavana.

Wanyoike alimjia Nzilani akijifuta jasho, nyuma yake timu yake nzima.

"Madam, mtarudi lini?"

"Muhula ujao, Mungu akipenda. Tulidhani mmekasirika."

"Tumekasirika sana. Lakini hawa wasichana wamekataa kuondoka mpaka nikuulize." Alisita, akaona aibu. "Na sisi unaweza kutushonea?"

Nzilani alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akatoa futi mkobani, akamwambia wa kwanza anyooshe mikono, akaanza kumpima mabega.