Kaburi Lililogoma Kurefuka

Tangu asubuhi hakuna aliyemchekea Chumvi, mwongoza watalii. Katika mji wa kwanza wa misafara, alipowaeleza watalii kwamba ngamia wa huko walikuwa wakipatana bei wenyewe huku wenye mali wamelala, mtu mmoja alipiga miayo. Katika mji wa pili, chini ya lango walilopita wauza hariri, mama mmoja fundi cherehani, aliyewahi kuja mwaka jana, alimkatiza: mwaka jana ngamia hao walikuwa punda.

Bosi mwenye kampuni alikaa kiti cha mbele cha basi. Alikuwa amekwisha kusema lake: mgeni akilalamika tena, Chumvi ananyang'anywa njia hii. Na hakuwa na kazi nyingine.

Kituo cha mwisho kilikuwa kuba la walii, ambaye kaburi lake, kwa maneno ya Chumvi, hurefuka kila mwaka. Yule mama akachomoa utepe wa kupimia nguo.

"Mwaka jana nililipima mwenyewe," alisema. "Leo tutajuana."

Ufunguo wa kuba alikuwa nao shemeji, kaka wa mke ambaye Chumvi alimwacha kwa ujumbe wa simu. Enzi wakila sahani moja, shemeji ndiye aliyeshika utepe upande wa miguu, chini ya shuka la kijani, akiusogeza nje kidogo kwa kidole gumba. Hivyo ndivyo walii alivyokuwa akirefuka. Wageni wakivua viatu, Chumvi akamnong'oneza shemeji amfanyie kama zamani.

"Dada yangu naye alikuomba mrudiane kama zamani," shemeji alijibu. "Ulimjibu nini?"

Akaushika utepe kwa haki kabisa. Mama akasoma, akarudia kusoma. Kaburi halikuongezeka hata unene wa ukucha. Macho yote yakamgeukia Chumvi, naye bosi akakunja mikono kifuani. Chumvi akamsihi shemeji awaeleze wageni habari za walii.

"Hurefuka," alisema shemeji taratibu. "Ila leo limegoma. Walii hamtaki humu mwanamume aliyemtelekeza mkewe. Huyu akitoka, mpime tena."

Chumvi akikana, amejiita mwongo mbele ya bosi. Akatoka.

Kwenye upenyo wa mlango aliuona mkono wa shemeji ukiteleza chini ya shuka, ukaipita miguu ya walii, ukazidi kwenda. Mama akatangaza kaburi limeongezeka shibiri nzima, na sauti yake ikatetemeka kwa machozi.

Bosi alipotoka hakumtazama usoni. Alisema kuanzia kesho wageni wataongozwa na mwenye ufunguo, tangu lango la mji wa kwanza. Nyuma yake akaja shemeji, akavaa makubazi yake bila haraka.

"Walindie watu viatu, shemeji. Hiyo utaiweza."

Chumvi akabaki kizingitini na viatu. Lakini kilichomuuma kuliko vyote ni ile shibiri. Yeye, enzi zake zote, hakuwahi kuthubutu kupita upana wa kidole.