Buti Nyepesi za Kamande

Peris aliutoa uzi mkobani akaunyoosha juu ya kaunta ya duka la viatu. Ulikuwa uzi mwekundu wa kufumia, wenye fundo kila upande: moja la kisigino, moja la kidole gumba. Asubuhi ile, mochari, aliupitisha chini ya unyayo wa marehemu ndugu yangu Kamande, nami nikiwa nimegeukia ukutani. Mkewe alithubutu. Mimi dada mtu, niliyembeba mgongoni, sikuweza.

"Nataka buti za kuwindia," Peris akamwambia mwenye duka. "Nyepesi. Zinazokunjika."

"Za kuwinda nini, mama?"

"Elki."

Nikasonya hata mteja mwingine akageuka. Yesu wangu! Mtu anazikwa Ijumaa ijayo Nyahururu, mbele ya mchungaji na wazee wa kanisa, halafu mkewe anamtafutia buti za porini! Mimi nilishachagua viatu vyeusi vya ngozi, vinavyong'aa, vya kuvaliwa na suti. Na kwetu, wazazi wakishatangulia, dada mkubwa ndiye mwenye neno la mwisho juu ya mavazi ya maiti. Tulibishana kutoka mochari kule Hayes hadi dukani hapa Rayners Lane, London, basi zima likitusikia. Nilimwambia, Mungu anisamehe, kwamba huzuni imemvuruga akili.

Elki walikuwa ugonjwa wa Kamande. Rafiki yake wa shule, Griffins, alihamia Kanada, na kila msimu wa kuwinda alimtumia picha za mnyama huyo, kulungu mkubwa kama ng'ombe, mwenye pembe zilizotandaa. "Njoo tutembee milimani," Griffins alimwambia. Kamande alijibu mwakani. Mwakani kukawa na karo, mwakani tena wakamnyima likizo kazini. Sidhani kama angeweza kumpiga risasi hata kuku. Alichotaka ni kule kutembea. Kutwa alishinda ghalani, pale karibu na uwanja wa ndege, ndani ya buti za kazi zenye chuma vidoleni, na jioni alizivua mlangoni akiugulia. "Shiro," aliniambia, "siku moja nitavaa kiatu kinachokunjika kama chapati." Moyo wake ulisimama humo ghalani, na zile za chuma zikiwa miguuni.

Mwenye duka, Jaspal, mzee wa kilemba aliyezaliwa Nakuru, alikuwa bado anautazama uzi. "Kumbe bado mnapima hivi! Dukani kwetu mama yangu alikuwa akiletewa nyuzi kama huu, mwenye mguu yuko shambani. Huyu naye yuko mbali?"

"Anasafiri kwenda nyumbani," Peris akajibu.

Mzee hakuelewa. Aliingia nyuma ya duka kwa furaha, akarudi na jozi mbili. "Hii nzito inamshika mtu kifundo cha mguu akibeba nyama mlimani. Lakini itamchosha, na mnyama atamsikia akija." Akaiweka kando, akachukua buti ya rangi ya majani makavu, akaikunja kwa mikono miwili. "Hii soli yake ni laini. Mguu unakihisi kijiti kabla hakijavunjika. Elki ana masikio, mama, si mchezo."

Peris akaichukua, akaikunja mwenyewe. Akaikunja tena. "Chapati," akasema.

Mimi nikatazama dirishani.

Jaspal akautia uzi ndani ya buti, akaulaza kwa kidole mpaka kisigino kikakaa. Mbele ya fundo ikabaki nafasi ndogo. "Imemkaa sawa kabisa," akasema.

"Aa, lete saizi inayofuata," nikasema. Maneno yalinitoka yenyewe, kwa sauti ya mama yetu siku ya soko. "Ongeza kidogo, mzee. Awe na nafasi ya kukua."

Kwetu hakuna mtoto aliyenunuliwa kiatu cha saizi yake. Mama alinituma sokoni na uzi akinikumbusha niongeze vidole viwili, mbele tukajaza matambara, na Kamande akaburuza miguu mwaka mzima. Siku viatu vilipomtosha, vilikuwa vimekwisha.

Jaspal akacheka. "Mwindaji wa elki, bado anakua?"

Ndipo nikasikia nilichokisema. Nikaketi kwenye benchi la kujaribia viatu nikalia kwa sauti, mimi niliyewanyamazisha wenzangu wiki nzima. "Hakui," nikasema. "Ndugu yangu amekufa, mzee. Hakui tena."

Jaspal alivua miwani. "Poleni," akasema. "Poleni sana." Kisha akauliza kwa upole, "Niwafungie hizi?"

Peris akanitazama mimi.

"Zifunge," nikasema. "Saizi yake."

Jaspal alipokuwa akizitia sandukuni, mazoea yakamponyoka. "Azivae nyumbani siku chache kabla ya safari, zilainike." Akashtuka, akafunika uso kwa kiganja. "Nisameheni."

Jioni ile nyumba ya Peris ilijaa watu wa matanga. Nilijifungia jikoni nikavaa soksi, juu yake soksi nyingine za Kamande, kisha buti. Zilinipwaya. Nikabeba trei ya chai nikapita nayo sebuleni katikati ya wimbo. Mama mmoja wa kanisa aliitazama miguu yangu akafumbua mdomo. Nikamkazia macho, akaufumba. Nikaenda na kurudi, nikapanda ngazi, nikashuka, nikapanda tena. Zilikuwa nyepesi kweli.

Peris alikuwa amejilaza chumbani, uso ukutani. Nilisimama kando ya kitanda chake na kikombe mkononi. Hakugeuka mpaka nilipomwita.

"Wifi! Sikukusikia ukija."

Kisha akaziona. Akaketi, akainama, akaikaza kamba ya kushoto iliyokuwa imelegea. Mkono wake ulibaki pale juu ya kiatu.

"Zimeanza kulainika?"

"Bado kidogo hapa kisiginoni," nikasema. Nikamwachia chai yake, nikashuka ngazi tena.